Kaunta Buku ya Kwaya Mbili

Kaunta buku yenyewe ni ya kwaya mbili, jalada jeusi, mgongo mwekundu. Naiweka ndani ya ndoo ya plastiki yenye mfuniko, juu ya kabati, mchwa wasiifikie. Ukiifungua utakuta majina ya watu wa Misima, wa Sindeni, na wa vitongoji ambavyo hata dereva wa bodaboda huuliza njia mara mbili. Kila jina lina mstari wake: namba ya simu, anwani ya barua pepe, na mwishoni kabisa, kwa wino mwekundu, pasiwedi. Nusu ya pasiwedi hizo nilizitunga mimi. Zinafanana kama vifaranga: jina la mtoto wa kwanza na mwaka aliozaliwa, au jina la mtu na moja mbili tatu. Mwizi wa akili ya kawaida angeimaliza kata nzima kabla ya adhuhuri.

Sijaitupa na sijamwonyesha mtu. Mstari mmoja tu ndio uliokatwa, ukurasa wa kwanza, na aliyeukata si mimi.

Kazi ya kuwatunzia watu maneno yao niliirithi. Baba alikuwa na darasa la nane la enzi za mkoloni, na kwa Misima ya miaka ya themanini hiyo ilikuwa elimu ya kutosha kumkosesha mtu usingizi. Misima iko kwenye barabara ya kutoka Korogwe kwenda Handeni, ile ya kilomita 65 ambayo siku hizi ni lami na zamani ilikuwa vumbi jekundu la kukufuata mpaka kitandani. Ukitoka Korogwe unauacha nyuma mto Pangani na mkonge wake, nchi inaanza kukauka, vichaka vinasogea barabarani. Kwetu ni mahindi, muhogo wa kusongea bada, mbuzi na maji ya lambo. Mvua ikigoma tunakula bada na mlenda. Ikikubali tunakula bada na mlenda, na hindi la kuchoma juu yake.

Jioni watu walikuja barazani. Mwana yuko Ngombezi anakata mkonge, binti kaolewa Muheza, kaka kapotelea Tanga mjini miaka mitatu. Baba alichukua karatasi ya mistari, akaiweka juu ya ubao wa kukatia nyama uliooshwa, akasikiliza. Mimi nilishika kibatari. Alipomaliza alisoma kwa sauti, na hapo ndipo ugomvi ulipoanza.

"Hapo umesema naomba. Mie sikuomba. Mie nimesema alete."

Baba alikata, akaandika upya. Nikiwa na miaka minane nilishajua nani anamdai nani mbuzi, nani hajatoa mahari yote, na mama wa nani anaumwa ugonjwa ambao majirani waliambiwa ni malaria. Sikusema. Baba hakuwahi kunikataza kusema; alinitazama tu mara moja, usiku wa kwanza, na mtazamo ule umenitosha hadi leo.

Mama hakupenda kazi ile. Yeye alikuwa mtu wa kisomo. Mwalimu Nyerere aliutangaza mwaka 1970 kuwa mwaka wa elimu ya watu wazima, na miaka iliyofuata akina mama wa Misima walikaa chini ya mwembe alasiri, watoto mgongoni, wakikokota kalamu. Nilimuuliza siku moja kwa nini alijiunga, nikitarajia jibu la redioni kuhusu kufuta ujinga. Akaniambia kuwa kabla ya hapo ilikuja barua kutoka kwa kaka yake. Ikapelekwa kwa msomaji, yeye akiwa shambani. Alipopita lamboni na ndoo yake kichwani, watu wakaanza kumpa pole. Pole, mwenzetu. Pole sana. Alipewa pole ya msiba wake mwenyewe kabla hajaambiwa nani kafa.

"Wiki ile ile nikaenda kukaa chini ya mwembe," alisema.

Mashine ya kwanza ya maandishi niliyoigusa haikuwa kompyuta. Ilikuwa saiklostaili ya shule, mwaka 1996, nilipokuwa darasa la sita. Mtihani ulichapwa kwenye stensili kwa taipureta, stensili ikavikwa kwenye ngoma ya mashine, wino ukapakwa, kisha mtu akazungusha mpini. Mtu huyo alikuwa mimi, kwa sababu ilijulikana nimetoka nyumba ya watu wasiosema. Nilizungusha mitihani ya darasa la saba na sikusoma hata swali moja. Basi, nilisoma moja. Lilihusu usagaji wa jiwe kuwa udongo, na halikunisaidia chochote.

Kompyuta tuliisikia kama tulivyosikia theluji. Nilikuja kujua ukubwani kwamba serikali ilipiga marufuku kuingiza kompyuta na televisheni mwaka 1974, miaka tisa kabla sijazaliwa, na kwamba masharti yale yalilegea polepole sana. Televisheni ya kwanza Bara ilianza kurusha matangazo mwaka 1994. Kwa hiyo kizazi chetu hakikuchelewa kwa uzembe wake. Tulizaliwa nyuma ya mlango uliofungwa kwa makusudi, na wengi hata hatukujua kama kuna mlango.

Mwaka 2002, nimemaliza kidato cha nne na nipo nyumbani, nilipanda lori la mahindi kwenda Korogwe kuchapisha barua ya maombi ya kazi. Karibu na stendi palikuwa na steshenari yenye kompyuta moja. Ilivikwa kitambaa cha kudariziwa maua, kama meza ya wageni. Dada mchapaji alikitoa kitambaa kwa ncha za vidole, akakikunja pande nne, akakiweka kando. Shilingi mia tano kwa ukurasa. Nikampa barua yangu ya mkono, nikasimama nyuma ya kiti chake.

Akaanza kuchapa. Kila neno alilomaliza lilipigiwa mstari mwekundu wa mawimbi chini yake. *Mheshimiwa*, mstari. *Naomba*, mstari. Jina langu, mstari. Mpaka anafika "wako mtiifu" ukurasa ulikuwa mwekundu kama daftari la mwanafunzi wa mwisho. Nilihisi jasho. Nikasema kwa sauti ndogo, dada, naomba nikarekebishe makosa yangu kwanza. Akacheka, si kwa ubaya. "Si makosa, mdogo wangu. Hii mashine haijui Kiswahili."

Nimefundisha watu wengi tangu siku hiyo, na kila mara nikiona mtu mzima anasita mbele ya kioo namkumbuka yule binti wa miaka kumi na tisa aliyedhani jina lake limeandikwa vibaya. Barua ilitoka. Kazi sikupata.

Chuo cha ualimu nilikwenda miaka michache baadaye, hapo hapo Korogwe. Wakati huo palikuwa na mradi wa fedha za Sweden wa kupeleka kompyuta kwenye vyuo vya ualimu vya serikali, na sisi tukawa miongoni mwa waliofaidi. Chumba cha kompyuta kilikuwa kitakatifu. Viatu mlangoni. Miguu ipanguswe kwa tambara bichi, na kwa sisi wa Handeni mkufunzi alisimamia mwenyewe, maana vumbi letu alilijua. Watu watatu kwa mashine moja: mmoja anashika kipanya, mmoja anachapa, wa tatu anasema "siyo hapo, hapo!"

Kipanya kilitutesa. Mwenzangu mmoja, mtu mzima mwenye watoto wanne, alipoambiwa apeleke mshale juu alikinyanyua kipanya hewani. Tulicheka, kisha kila mmoja wetu akafanya kosa lake. Mimi nilikisukuma mpaka kikaanguka mezani. Kilichotufundisha hasa ni mchezo wa karata uliokuwa ndani ya kompyuta. Ukiburuta malkia ukamweka juu ya mfalme mara mia mbili, mkono unatulia. Vidole tulifundishwa na programu ya Mavis Beacon, yenye picha ya mama mweusi nadhifu ambaye sote tuliamini ni mwalimu wa kweli aliyeko Marekani. Baadaye nikaambiwa hakuwahi kuwapo, jina lilibuniwa na picha ni ya mwanamitindo. Nilisikitika kama niliyefiwa.

Mkufunzi mmoja alikuwa na diski ya Jambo OpenOffice, programu iliyotafsiriwa na watu wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na kutolewa mwaka 2004. Akaifungua. Juu ya kioo pakaandikwa kwa lugha yetu: Hariri, na mengine. Darasa zima likaangua kicheko. Tulitaka ya Kiingereza, ile ya maofisini. Nakumbuka nami nilicheka, na sauti yangu ilikuwa kubwa kuliko za wengine. Nikikumbuka ule ukurasa mwekundu wa steshenari, sijui nilikuwa namcheka nani.

Mwaka 2007 nilipangiwa shule isiyo mbali na nyumbani, na katika vipindi vyangu kimojawapo kikawa TEHAMA. Umeme hapakuwa. Kompyuta hapakuwa. Palikuwa na kitabu chenye picha, na chaki. Nilikata maboksi ya sabuni, nikachora kibodi kwa kalamu ya rangi, herufi zote mahali pake, moja kwa kila watoto wawili. Nikisema "mama", vidole arobaini vinagonga boksi kwa pamoja. Usidharau. Watoto wale walipokuja kukutana na kibodi ya kweli hawakutafuta herufi. Mimi mwenyewe nilijifunza kuchapa bila kutazama kwenye boksi la sabuni, usiku, kibatari kikiwa kile kile cha baba.

Ndipo nilipogundua jambo moja ambalo Mavis Beacon hakulisema. Kiswahili kimejaa *a*, na *a* imekabidhiwa kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, kidole dhaifu kuliko vyote. Mzee mmoja niliyemfundisha baadaye aliuliza nani kazipanga herufi namna hii, alikuwa kalewa? Nikamweleza kuwa ni mpangilio wa mashine za chapa za Wamarekani wa karne ya 19. Akatikisa kichwa. "Hawakutuuliza," akasema.

Simu ndizo zilizofika kwanza. Mtandao ulishika sehemu moja, juu ya kichuguu kilichokuwa nyuma ya nyumba ya jirani, na jirani akawa mtu mkubwa. Kuchaji ilikuwa shilingi mia mbili kwa betri ya gari. M-Pesa ikaja 2008, na fedha za Ngombezi zikaacha kusafiri ndani ya soksi. Haya yote yameshaelezwa na wengine, nayapita.

Waya wa intaneti wa SEACOM ulipofika Dar es Salaam kupitia baharini, Julai 2009, sisi hatukuhisi kitu siku hiyo. Tulihisi baada ya mwaka, modemu za kuchomeka ziliposhuka bei. Kuanzia 2010 Tume ya Vyuo Vikuu ikawa inapokea maombi ya udahili kwa mfumo mmoja wa pamoja, na Bodi ya Mikopo nayo ikahamia mtandaoni. Ghafla kijana aliyemaliza kidato cha sita hakuhitaji tu kufaulu, alihitaji barua pepe. Vijana walikuwa wanakwenda Chanika, Handeni mjini, wanapanga foleni kutwa, wanarudi na nusu ya fomu. Mimi nikanunua kompyuta ya mezani iliyotumika, nikaiweka chumba cha mbele, nikaifunika kwa kanga. Modemu niliifunga kwenye ncha ya fito, nikaitoa dirishani kupitia waya mrefu, ikielekea mnara. Upepo ukivuma, chuo kikuu kinakatika.

Kaunta buku nikaifungua siku ya kwanza ile ile. Mtu anakuja, nampangia barua pepe, namtungia pasiwedi, naandika. Nikimwambia aikariri ananitazama kwa mshangao. Kwa nini aikariri, na wewe mwalimu upo? Walikuja kama walivyokuja kwa baba: wanakaa, wanasema, mimi nachapa. Tofauti ni kwamba sikuwa nawasomea tena. Kwenye barua ya mkono mtu alisikia maneno yake kabla hayajaondoka. Kwenye fomu ile ndefu, ya Kiingereza, nilikuwa najaza, nabonyeza, natoa nakala, nachukua hela yangu. Sikuliona pengo hilo. Foleni ilikuwa ndefu na kazi ilikuwa inalipa.

Kuna kijana nilimjazia fomu ya mkopo. Namba yake ya mtihani ilikuwa na sita, mimi nikachapa saba. Ndiyo hadithi nzima. Ilikuwa saa tatu usiku, siku za mwisho za kutuma maombi, nyuma yake wamekaa sita. Fomu haikulalamika, kwa sababu saba nayo ni namba. Majina yalipotoka lake halikuwamo, na tulipotafuta sababu tukaikuta kwenye nakala niliyotoa kwa mkono wangu. Mwaka mzima akabaki nyumbani analima ufuta na baba yake.

Baba mtu alikuja jioni moja, peke yake. Nilijitayarisha kutukanwa. Alikataa kiti, akakaa kwenye kizingiti.

"Mwalimu, nimekuja kuuliza. Ni kidole gani?"

Sikuelewa.

"Kilichokosea. Ni kidole gani?"

Nikamwonyesha cha shahada, cha mkono wa kulia. Akakitazama kwa makini, kama mtu anayekagua jino la mbuzi.

"Na hiyo sita iko wapi, na hiyo saba iko wapi?"

Nikaifunua kanga. Akasimama, akaweka kidole chake, kinene, chenye ufa wa jembe, juu ya sita. Kompyuta ilikuwa imezimwa. Akakisogeza kwenye saba, akakirudisha.

"Ziko karibu," akasema. "Kama kwangu na kwa ndugu yangu." Akaaga, akaondoka.

Kesho yake nilibandika karatasi ukutani: kila mtu atachapa mwenyewe jina lake na namba zake. Wateja wakanichukia. Mtu katoka mbali, ana haraka, anaambiwa atafute herufi *K*. Jina moja liliweza kuchukua robo saa. Wengine wakarudi kwenye foleni za Chanika, na sikuwalaumu. Waliosema najidai kuwa bado niko darasani walisema kweli. Lakini waliobaki walikuwa wakifika kwenye namba ya mtihani wanavuta pumzi, wanaisoma kwa sauti, tarakimu moja moja, kama walivyokuwa wakisikiliza barua barazani. Yule kijana alirudi mwaka uliofuata akajaza mwenyewe yote, hadi mwisho. Mimi nilikaa nje kwenye kizingiti cha baba yake. Alipata.

Kaunta buku, hata hivyo, iliendelea kujaa. Kuchapa jina ni jambo moja, kutunza siri yako mwenyewe ni jambo jingine, na hili la pili sikuwa na uthubutu wa kulibandika ukutani. Pengine nilipenda kuwa yule anayejua. Kwenye mstari wa kwanza kabisa, ukurasa wa kwanza, palikuwa na jina la mama, namba yake ya simu, na namba yake ya siri ya M-Pesa. Baba alishafariki. Mama hakuwahi kulalamika. Alinipa simu, nikamtolea fedha, nikamrudishia simu.

Mwishoni mwa 2019 laini zote zikatakiwa kusajiliwa kwa alama za vidole. Siku ya mwisho ilikuwa 31 Desemba, kisha Rais Magufuli akaongeza siku ishirini, mpaka 20 Januari 2020. Mama alikuwa kwenye miaka sitini na kitu. Tulikwenda kwa wakala aliyekaa chini ya mwavuli kando ya lami. Kitambulisho cha taifa tulikuwa nacho. Vidole ndivyo vilivyokataa. Gumba la kulia, mashine ikawaka nyekundu. Shahada, nyekundu. Wakala akamwomba anawe kwa sabuni, akanawa. Akampaka mafuta ya mgando, akafuta. Nyekundu. Miaka hamsini ya jembe na kinu ilikuwa imezifuta zile chapa, vidole viko laini kama kokoto za mtoni.

Nilianza kuona aibu kwa ajili yake, jambo la kijinga. Yeye hakuwa na aibu yoyote. Alimtazama wakala akasema, "Mjukuu wangu, jaribu cha mwisho cha kushoto. Hicho hakishiki jembe vizuri."

Kikakubali.

Njiani hakusema neno. Jioni, nimekaa chumba cha mbele, akaingia na simu yake, ile ndogo ya vitufe, akaomba kaunta buku. Nikamtolea. Akavuta taa, akapita na kidole kwenye ukurasa wa kwanza, midomo ikicheza, kusoma kule kule kwa chini ya mwembe. Alipolifikia jina lake akachukua kalamu yangu nyekundu akaukata mstari wote, taratibu, mara mbili, akanirudishia buku.

"Sasa nionyeshe pa kubadilisha."

Nikamtajia, akabonyeza mwenyewe: nyota, mia moja na hamsini, nyota, sifuri sifuri, reli. Akasoma kila kilichotokea, kwa sauti, mstari kwa mstari, hata visivyohusika. Tukafika kwenye namba ya siri mpya. Akaishusha simu mapajani, akaifunika kwa upindo wa kanga.

"Geuka huko."

Nikageuka nikautazama ukuta. Nikasikia kitufe cha kwanza. Cha pili. Kimya kirefu. Cha tatu. Kisha nikakisikia cha kufuta, mara tatu mfululizo, na akaanza upya.

"Tayari, mama?"

"Bado."